Hodi ya Nne

Meja Revelian aliniletea ripoti kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika miaka sita tuliyofanya kazi pamoja. Kwa kawaida hutuma mtu aniite. Ijumaa ile alikuja mpaka karakana, akaiweka karatasi mezani kwangu kati ya koleo na kikombe cha chai, akaweka na kalamu juu yake, kisha akasimama dirishani akitazama antena. Nikajua papo hapo kwamba kuna mtu anauzwa.

Niliisoma polepole, kwa makusudi, maana najua hapendi kusubiri. Ukiyaondoa maneno ya kujipamba, ilisema hivi. Tarehe kumi na mbili, katika Kituo cha Nane kule kusini, askari Stephano aliumwa na nyoka, kifutu. Mhudumu wa redio, Koplo Clara, anadai kwamba saa sita na robo mchana alituma ujumbe wa kuomba gari na dawa. Mtambo umekaguliwa na hauna kumbukumbu yoyote ya ujumbe huo. Kwa hiyo Koplo Clara hakutuma, na inadhaniwa alikuwa amelala. Gari lilifika kesho yake kwa bahati tu, limepeleka chakula, na Stephano akakatwa mguu. Koplo Clara afukuzwe jeshini bila heshima. Chini kabisa kulikuwa na nafasi ya saini ya fundi mkuu wa mitambo ya mawasiliano, Sajinitaji Mwajabu, anayethibitisha kuwa mtambo ni mzima. Huyo ndiye mimi.

"Siweki," nilisema.

"Hujaulizwa maoni, Sajini. Umeulizwa kama mtambo ni mzima."

"Sijaukagua."

"Umekaguliwa na kompyuta."

"Basi kompyuta iweke saini, afande."

Akageuka kunitazama. Meja Revelian si mtu mbaya, na nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana namchukia. Ni mtu wa Bukoba, msafi, msomi, anayepiga pasi hata leso. Lakini anaogopa aibu kuliko anavyoogopa risasi. "Bodi inakaa Jumanne," alisema. "Una miezi mitatu ustaafu. Usijitafutie." Akaiacha karatasi palepale na kuondoka.

Clara nilimfundisha mimi. Ni binti wa aina ile inayorudisha pini ya karatasi iliyoazima. Kusema kwamba alilala usingizi huku mwenzake anavimba mguu pembeni yake kulinitia hasira mpaka chai ikanishinda.

Lakini hasira si ushahidi, na mtandao ule naujua kuliko ninavyoijua nyumba yangu. Tuliujenga wenyewe, mimi na Godlisten, mhandisi wa kiraia anayeandika programu. Kule vituo viliko hakuna minara ya simu. Redio zetu hurusha wimbi juu, likagonga anga na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Zamani tulikuwa tunapiga kelele kwenye kipaza sauti mpaka koo linakauka. Mtandao wetu ulibadilisha hayo. Mhudumu anaandika ujumbe, mtambo unaukatakata vipande, unakiita kituo kingine, nacho kinajibu: nimepata cha kwanza na cha tatu, nirudie cha pili. Tangu hapo kuongea kwa sauti kulipigwa marufuku, kwa sababu sauti husikiwa na kila mwenye masikio. Hatukununua kitu kwa mtu, na kwa hilo nilijivuna sana. Mkumbuke hilo la kujivuna, tutalirudia.

Jumamosi nikaenda Kinondoni, mtaa wa Hananasif, ambako Clara alikuwa amerudishwa kwa shangazi yake kusubiri hukumu. Nikaipata nyumba. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga ya pili, kimya. Nikapiga ya tatu, nikasubiri kidogo, nikageuka niende zangu.

Hodi ni tatu. Ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa Kunduchi. Usipojibiwa mara tatu unaondoka, hata kama unasikia vijiko vinagongana ndani, na hunung'uniki. Mwenyeji ana haki ya kutojibu, na kung'ang'ania mlango wa mtu ni kukosa adabu.

"We dada, unaenda wapi sasa?" Mwanamke mmoja alikuwa kibarazani nyumba ya pili, anachambua dagaa kwenye ungo.

"Nimepiga hodi tatu, hawapo."

"Tatu, kwani umehesabiwa na nani? Clara kaenda mashineni kusaga. Kanambia, Mama Naima, akija mama mmoja mnene wa jeshini asiondoke, mkalishe. Mnene ndo wewe, au nimsubiri mwingine?"

Nilicheka pasipo kutaka. "Ni mimi."

"Basi kaa. Sie huku ukimkosa mtu unamwachiaga jirani maneno. Ungeondoka hivyo, mngeonana lini?" Akanisogezea ndoo niikalie, akaniwekea na ungo mapajani nimsaidie. Fundi mkuu wa mitambo nikakaa kuchambua dagaa.

Clara alirudi na unga kichwani. Alikuwa amekonda. Akashusha mzigo, akasimama wima kama tuko gwaride. "Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nieleze ya siku ile, na usiruke kitu."

Akaingia ndani, akatoka na daftari dogo la shule. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba kila mhudumu awe na lake, nje ya kumbukumbu za mtambo, na sijui kwa nini nilikuwa nimesahau. Akanisomea kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Saa sita na robo, nimeita, haikujibiwa. Mtambo umeita wenyewe mara ya pili, mara ya tatu, umefunga. Saa sita na dakika ishirini, nimeanza upya. Umeita tatu, umefunga.

"Kila ukifunga, skrini inarudi nyeupe, afande. Kama sijaigusa. Nikawa naanza upya. Mara kumi na moja. Nikajaribu na sauti, nikasema wanifunge wakitaka, lakini angani kulikuwa kumekufa kabisa, na vituo vingine havisikilizi sauti tangu marufuku. Na Stephano ananiambia, Clara, ita tena. Ilipofika jioni kuna mawimbi, betri ikawa imekwisha."

Mara kumi na moja, kila mara tatu. Binti yule alipiga hodi thelathini na tatu mlangoni kwetu, na sisi tunasema hakuja.

Hapo nikauweka chini ungo wa dagaa. Nilikumbuka siku moja miaka mitano nyuma, Godlisten ananiuliza kutoka kwenye kompyuta yake: "Mama, ukikosa jibu uite mara ngapi?" Nilikuwa nakunywa chai. Sikuinua hata kichwa. Nikamjibu, "Tatu. Hodi ni tatu." Akauliza, "Halafu?" Nikasema, "Halafu uondoke zake, na usiache uchafu mlangoni kwa watu." Yeye ni mtu wa Machame, alicheka, akaandika kama nilivyomwambia. Mtambo ukawa na adabu ya Kunduchi: usipojibiwa mara tatu unafuta ujumbe na kumbukumbu yake, unaondoka.

"Clara," nilisema, "hukukosea. Aliyekosea namjua."

"Ni nani, afande?"

Nikamwomba daftari, nikamuaga Mama Naima, nikaondoka. Nakiri kwamba pale niliona aibu, na aibu ikanishinda.

Godlisten alinifungulia karakana Jumapili baada ya ibada, bado amevaa suti ya kwaya. Akaitafuta ile sehemu ya programu, akaniita nione. Mbele ya namba tatu alikuwa ameandika maelezo yake ya ukumbusho: *kwa maelekezo ya Mama Mwajabu.*

Tukatazamana.

"Naweza kulifuta hili jina, mama," alisema taratibu. "Nani atajua?"

"Uliguse uone."

"Mie nasema tu."

"Usiseme. Kaa tufanye kazi. Na kwanza niambie, mbona kwenye majaribio yetu haikuwahi kutokea?"

Akafikiri. Akafungua faili la majaribio, akaanza kucheka cheko lisilo la furaha. Majaribio yote yalifanyika kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Wakubwa hukaa saa nne, wakaona, wakapiga makofi, wakaenda kula. Saa sita jua linapokuwa utosini, masafa yale ya Kituo cha Nane huzama, na huweza kuzama mpaka jioni. Wahudumu wote walilijua hilo. Walikuwa wanauita wakati wa mtambo kupumzika, wanasubiri jioni. Lakini kifutu hakujua ratiba yetu.

"Tuongeze namba?" Godlisten aliuliza. "Badala ya tatu, thelathini?"

"Clara aliita thelathini na tatu. Ilimsaidia nini?" Nikamweleza habari ya Mama Naima na ungo wa dagaa. Ukimkosa mtu, unamwachia jirani maneno. Kituo cha Nane kina jirani, Kituo cha Tano, kiko mlimani karibu nacho, husikilizana nacho moja kwa moja bila kupitia angani, kina antena ndefu, na huongea na Dar kwa masafa mengine yanayopenda jua la mchana. Kwa nini ujumbe usiachwe kwake, naye aufikishe?

"Sheria inakataza. Ujumbe unatoka kwa mtumaji kwenda kwa mpokeaji, hakuna wa katikati."

"Ujumbe ni bahasha iliyofungwa kwa fumbo. Jirani anabeba, hasomi. Andika."

Tukaandika mpaka alasiri, na Jumatatu tena. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipojibiwa, piga ya nne kwa jirani. Jirani akikosa, amwachie jirani yake. Na kila hodi isiyojibiwa iandikwe, saa na dakika, isifutike. Vituo viwili vile tukavipelekea programu mpya, ikae kando ya ile ya zamani mpaka tutakapoiwasha.

Jumatatu jioni nilikwenda kwa Meja Revelian, nikamwambia yote, na lile la tatu nikamwambia. Kisha akafunga mlango.

"Sajini, tufunike kombe mwanaharamu apite. Rekebisha kimyakimya. Wiki ijayo mtandao uwe na huyo jirani wako, na hakuna atakayejua kulikuwa na kosa."

"Na Clara?"

Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Ukisema mbele ya bodi kwamba mtandao unameza ujumbe, unajua kitakachofuata. Watasema, tuliwaambia tangu mwanzo tununue wa nje. Miaka yako mitano inatupwa jalalani. Na wewe unatoka na karipio badala ya nishani. Kwa ajili ya koplo mmoja?"

Nisijifanye shujaa. Lilinichoma. Mtandao ule ndio kitu pekee nilichokifanya maishani ambacho kilikuwa changu mwenyewe. Nilisimama pale nikiuona unang'olewa waya kwa waya.

"Afande," nikasema, "kama hauwezi kusimama mpaka umlalie Clara, acha uanguke. Nitashika kamba niwasaidie kuuvuta."

Bodi ilikaa Jumanne saa nne, kama kawaida yao, karakanani kwetu huku njia ya Mbweni. Mwenyekiti alikuwa Kanali Benedicta, mwanamke mrefu, mkavu, anayesikiliza akiwa amefumba jicho moja. Nikaomba kabla ya yote aandike ujumbe wowote kwenda Kituo cha Nane kwa mtandao wa zamani. Akaandika. Mtambo ukaita mara moja tu, Kituo cha Nane kikajibu, vipande vyote vikapokelewa. Meja Revelian akashusha pumzi.

"Unafanya kazi," Kanali alisema. "Tunaweza kuendelea na ripoti?"

"Hapana, afande. Tusubiri saa sita na robo."

"Kuna nini saa sita na robo?"

"Ndiyo saa aliyoita Koplo Clara."

Afisa mmoja akatazama saa yake, akasema ana kikao kingine mjini. Mwingine akasema chakula kimeandaliwa saa saba kasoro, na hawakuja kukaa kutwa. Meja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimepewa nafasi yangu na imekwisha. Wakaanza kukusanya karatasi. Basi nikaenda nikasimama mlangoni. Mama Naima alisema kweli, mimi ni mnene, na mlango ule nauziba vizuri.

"Sajinitaji, pisha," Meja alisema.

"Mitambo hii imepimwa saa nne kwa miaka mitano, kwa sababu saa nne ndiyo saa ya wakubwa. Askari anaumwa na nyoka saa yoyote. Anayetaka kutoka anisukume, na iandikwe kwamba alinisukuma."

Kanali Benedicta akafumbua lile jicho lake la pili. Akavuta kiti, akakaa. "Leteni chai," alisema.

Tukakaa saa mbili. Sijawahi kunywa chai chungu vile. Mara mbili nilitazama mbingu nikaiomba ife, mimi ambaye miaka yote naiomba iwe hai. Saa sita na robo nikamwomba Kanali aandike tena. Aliandika maneno mengi safari hii, kwa hasira kidogo. Mtambo ukaita. Kimya. Ukaita ya pili. Ukaita ya tatu. Skrini ikawa nyeupe.

"Umekwenda?" Kanali akauliza.

"Tuitazame kumbukumbu, afande."

Godlisten akaifungua. Ilikuwa na ujumbe wa saa nne, na baada ya hapo hapakuwa na kitu.

"Kwa ushahidi wa mtambo," nilisema, "saa sita na robo Kanali Benedicta hakutuma ujumbe wowote. Anadai tu. Nadhani alikuwa amelala."

Meja Revelian alifumba macho. Kanali alinyoosha mkono, akaandika ule ujumbe mara ya pili, yeye mwenyewe, akabonyeza. Tatu, nyeupe. Akaandika mara ya tatu. Nyeupe. Nikaona vidole vyake vinaanza kubonyeza kwa nguvu, kama vile nguvu zitasaidia. Nikaweka daftari la Clara mbele yake, ukurasa ule wa mara kumi na moja. Akausoma wote.

"Na dawa yake?"

Godlisten akawasha mtandao mpya. Hodi tatu kwa Kituo cha Nane, zikaandikwa moja moja na saa zake. Ya nne kwa jirani, Kituo cha Tano. Jirani akaitikia. Baada ya dakika sita jibu likarudi kwa njia ileile: Kituo cha Nane kimepokea.

"Ujumbe wa Kanali umekaa mikononi mwa koplo wa Kituo cha Tano," Meja alisema, nadhani kwa mazoea tu.

"Umefika, Revelian," Kanali alijibu. Kisha akanigeukia. "Nani aliweka tatu?"

Godlisten alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu.

"Mimi, afande. Jina langu limo humo ndani. Sikupima, sikuuliza. Nilidhani adabu ya nyumbani kwetu inatosha hata angani. Clara hana kosa. Mguu wa Stephano uko shingoni mwangu."

Basi wakaamua. Clara akarudishwa kazini. Mtandao ukabaki, na jirani ndani yake, na majaribio yote yafanywe saa sita mchana. Mimi nikapewa karipio la maandishi, likasomwa mbele ya gwaride na Meja Revelian, aliyesoma haraka kama mtu anayemeza klorokwini. Sherehe ya kuniaga ikafutwa. Safari hii ripoti mpya niliitia saini bila kuambiwa mara mbili.

Haya yote sikuyajutia. Ningesimama mlangoni pale hata leo. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye sikuweza kumkabili, na kila nilipopanga kwenda hospitali nikapata sababu ya kutokwenda.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani Kunduchi, mlango nimefunga, nakuna nazi. Nikasikia hodi. Sauti ya Clara. Karibu nijibu, kisha nikasikia kitu kingine nje, mbao inagonga saruji, tok, tok, na mtu anahema. Mkono ukasimama juu ya mbuzi ya nazi. Nikajua ni nani amekuja naye.

"Hodi," Clara akaita mara ya pili. Sikujibu.

Akaita ya tatu. Nikashusha pumzi nisisikike. Nilijiambia, mwenyeji ana haki ya kutojibu, sasa wataondoka.

Kisha mlango ukagongwa, si kwa kiganja, ni kwa ncha ya gongo, na sauti ya kiume nisiyoijua ikasema:

"Hodi ya nne, Sajini. Fungua bwana, mie nina mguu mmoja, sitosimama hapa mpaka jioni. Au nikamwachie jirani?"

Nikainuka, chembe za nazi zimejaa kwenye kanga, nikaenda kufungua.